Mama kizazi kimeshuka, kaambiwa achague pete au operesheni. Neti iliyowaumiza watu Ulaya ndiyo hii?

BintiWaMachame

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za usiku.

Mama yangu ana miaka 64. Ametuzaa saba, wanne kati yetu nyumbani. Maisha yake yote ni ng'ombe na migomba: asubuhi anashuka tambarare kukata majani, anapanda mlima na mzigo kichwani, jioni maji. Mwezi wa nane nilikwenda likizo, nikaamka usiku na kumkuta anafua vipande vya kanga gizani. Asubuhi nikaviona vimeanikwa nyuma ya banda, mahali tusipopita. Nikadhani ni vya mjukuu, nikaanza kuvikunja. Akaninyang'anya.

Kanisani nako nikaanza kumwangalia. Anakaa pembeni kabisa mwa benchi, uzito wote kwenye paja moja, na watu wakisimama kuimba yeye ndiye wa kwanza.

Kesho yake tunamenya ndizi jikoni, akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, kuna kitu kinatoka. Nikikaa nakikalia." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka aliofariki baba. Hiyo ni miaka 11! Miaka 11 anakirudisha kwa vidole kila anapotaka kukojoa, na mimi nampigia simu kila Jumapili namuuliza "hujambo", ananiambia hajambo.

Nimempeleka hospitali. Daktari alimwambia akohoe, ajisukume, akapima kwa kijiti chenye alama. Akasema ni daraja la tatu, kibofu na kizazi vyote vimeshuka. Hana kidonda, figo kwenye ultrasaundi ziko sawa, ila ana presha. Akampa chaguo la kuwekewa pete au kufanyiwa operesheni ya kutoa kizazi na kushona. Turudi baada ya wiki mbili na jibu.

Kaka mkubwa anasema operesheni, jambo liishe. Halafu shangazi yetu aliyeko Uingereza akapiga simu analia, anasema wasithubutu kumwekea neti, wanawake huko wameharibiwa, wengine hawatembei. Mama alisikia yote maana simu ilikuwa spika. Sasa hataki pete, hataki kisu, anasema aachwe na kanga zake.

Naombeni mnisaidie. Pete ni neti? Operesheni aliyotajiwa ina neti ndani? Na kama mngekuwa ninyi, mngemwambia nini mama asiogope?

mkwe_dodoma

Pole sana dada. Mama mkwe wangu alifanyiwa ya kutoa kizazi na kushona mwaka 2019, akiwa na miaka 59. Hakuwekewa neti yoyote, ni nyuzi tu zinazoyeyuka. Alilala wodini siku nne. Shida haikuwa operesheni, ilikuwa kurudi nyumbani. Wiki ya tatu nilimkuta ameinama anainua sufuria la makande la watu wa msibani. Tukamhamishia kwetu kwa nguvu, akakaa miezi mitatu. Kwa hiyo kabla ya kuamua kisu, kaeni kwanza muamue ni nani atakayekata hayo majani.

tiba_za_bibi

Dada, kabla ya kisu mjaribu shabu. Inabana vizuri sana, bibi yangu alitumia na akapona.

MkungaMstaafu_Tanga

Marahaba mwanangu. Nimefanya ukunga miaka 34, zahanati kisha hospitali ya wilaya.

Nianze na la shabu, kwa sababu najua mama yako naye atashauriwa na jirani. Tafadhali msimwekee. Mwanamke aliyekoma hedhi, ngozi ya ukeni ni nyembamba kama lile ganda la ndani la kitunguu. Shabu inaikausha na kuichoma. Nimewasafisha vidonda akina mama walioweka shabu, majani, hadi ndimu, na kila mmoja alikuja na kizazi kiko palepale. Kilichoachia si ngozi. Ni kano zinazokining'iniza kizazi kule juu, na misuli inayokipokea huku chini. Fikiria kitanda cha kamba. Kamba zikilegea, katikati kunazama, na kila kilichowekwa juu kinafuata huko. Huwezi kukaza kitanda hicho kwa kupaka kitu kwenye shuka.

Mwambie mama hayuko peke yake, na ninaposema hivyo simfariji tu. Machame ni wilaya ya Hai, na watafiti walipita vijiji vya Kilimanjaro, Hai ikiwemo, wakawapima wanawake 1,063, kazi iliyochapishwa mwaka 2018. Karibu 65 katika kila 100 walikuwa wameshuka daraja la pili na kuendelea. Wengi wao hakijatoka nje, lakini kama 7 katika kila 100 walikuwa wametokwa hasa, kama mama. Na waliozidi kupata ni wakulima, waliojifungua mara nyingi, waliozalia nyumbani, na wabebaji wa mizigo mizito kwa saa tano na zaidi. Msomee maneno hayo. Katika benchi lake la kanisani wapo wengine wanaokaa kwenye paja moja.

Sasa pete. Pete si neti hata kidogo. Ni duara la silikoni, laini, ukilibonyeza linakunjika kama mwezi mwandamo. Tunalipaka jeli, tunaliingiza limekunjwa, likifika ndani linafunguka na kulala: upande mmoja nyuma ya mlango wa kizazi, upande mwingine nyuma ya mfupa wa kinena. Linabeba uzito uliokuwa unaning'inia. Saizi tunapima kwa vidole viwili. Likikaa vizuri mama hatalisikia kabisa. Asitoke kliniki kabla hajatembea korido nzima, akachutama, akakohoa, na akakojoa. Mkojo ukigoma, pete ni kubwa. Ikichomoka, ni ndogo, apewe nyingine. Wengi huvunjika moyo pete ya kwanza inapotoka, wakadhani imeshindikana, kumbe ni sawa na kiatu cha namba isiyo yako.

Hatari ya pete ni moja kubwa: kusahauliwa. Niliwahi kumpokea bibi mmoja aliyekuja kwa harufu na damu. Tukakuta pete ambayo aliwekewa miaka mingi nyuma mahali fulani, hakuandikiwa kadi ya kurudi, na yeye alidhani ni ya kudumu. Nyama ilikuwa imeanza kuota juu yake. Ikiachwa hivyo inaweza kutoboa hadi kwenye kibofu au njia ya haja kubwa. Kwa hiyo pete bila tarehe ya kurudi msiikubali. Kila miezi mitatu hadi sita itolewe, ioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, na uke uangaliwe kwa mwanga kama kuna mchubuko. Akijifunza kuitoa mwenyewe ni bora zaidi. Uchafu mweupe kidogo ni kawaida. Damu, harufu kali au maumivu, arudi siku hiyohiyo. Na muulizeni daktari kuhusu krimu ya homoni ya kupaka ukeni. Inanenepesha ile ngozi nyembamba, vidonda vinapungua.

Kuhusu operesheni, muulizeni daktari swali hili hasa: "Baada ya kutoa kizazi, dari la uke utalishikiza wapi?" Kutoa kizazi peke yake si tiba ya kushuka. Nimewaona waliotolewa kizazi wakarudi baada ya miaka na uke wenyewe umegeuka nje kama mfuko wa kanzu, kwa sababu dari halikushikizwa. Daktari anayeijua kazi atakwambia analishona kwenye kano za nyuma ya kizazi au kano ya ndani ya nyonga, kwa nyuzi, kwa nyama ya mama mwenyewe. Kisha anakaza ukuta wa mbele ulioangusha kibofu. Hatari zake nazo awatajie: kutoka damu, maambukizi, kibofu au mrija wa figo kujeruhiwa, maumivu ya tako kwa wiki kadhaa, maumivu wakati wa tendo, na kushuka tena baadaye. Lingine watu hawaambiwi: mama asiyevuja mkojo leo anaweza kuanza kuvuja akikohoa baada ya kibofu kurudishwa, kwa sababu kile kilichoning'inia kilikuwa kinakunja njia kama mpira wa maji uliopindwa. Wasipoambiwa mapema wanadhani daktari amewaharibu.

Ipo pia ya kufunga uke, kwa mama ambaye hatakutana na mwanamume tena. Ni fupi, kushuka tena ni nadra, na inafaa wenye presha na umri. Lakini haifunguliwi. Hilo aulizwe mama mwenyewe, faragha, asijibiwe na kaka yako wala wewe.

Na mazoezi. Akaze kama anayezuia mkojo na upepo pamoja, ahesabu hadi kumi, aachie kabisa, arudie mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi isiyopungua mitatu. Daraja la tatu halitapanda kwa mazoezi peke yake, nisikudanganye. Lakini uzito unapungua na choo kinakuwa chepesi. Asifanye akiwa anakojoa.

Mkojo ukiziba kabisa, au kilichotoka kikawa cheusi na hakirudi, au damu ikatoka, msingoje wiki mbili.

Mswahili_Leicester

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, niko Leicester tangu 1998. Shangazi yako ana haki ya kulia. Mimi ni mmoja wa hao anaowasema.

Mwaka 2010 nilikuwa na miaka 43, watoto watatu, kibofu kimeshuka. Nikaambiwa watanitia "kipande kidogo cha kuimarisha", nitatoka siku hiyohiyo. Karatasi niliyotia sahihi haikuwa na neno plastiki. Neti yenyewe ni polipropilini, imefumwa kama chandarua, ina mikono minne inayopitishwa kwenye nyama za nyonga. Mwezi wa sita nikaanza kusikia kisu kinapita ndani ya paja kila nikipanda ngazi. Daktari wa mtaa akasema ni umri. Kisha mume wangu, kwa haya kubwa, akaniambia kuna kitu kinamkwaruza. Tulinyamaza wote wawili miaka minne. Nilikuwa natengeneza mikate katika kiwanda, kusimama kwa muda wa saa nane. Niliacha kazi 2014.

Nilijua mwaka 2018 kwamba sikuwa mwendawazimu, Uingereza iliposimamisha neti za ukeni mwezi wa saba, za kizazi na hata ile tepu ya mkojo unaovuja. Kumbe Marekani mamlaka ya dawa, FDA, ilikwisha kuonya Julai 2011 kwamba madhara makubwa ya neti za ukeni si nadra. Mwaka mmoja baada yangu! Australia waliziondoa 2017. Na Aprili 2019 FDA ikaziamuru kampuni mbili zilizobaki Marekani ziache kuuza zile za kushuka. Julai 2020 ikatoka hapa ripoti ya Baroness Julia Cumberlege, aliyepewa na serikali kazi ya kulichunguza jambo hili. Alikwenda akawasikiliza wanawake wenyewe, akaandika kwamba walipolalamika waliambiwa ni mambo ya kawaida ya wanawake. Serikali ikaomba radhi. Nilikaa sebuleni nikalia mpaka mwanangu akaogopa.

Mwaka 2021 nilitolewa, lakini si yote. Daktari bingwa aliniambia nyama inaota katikati ya matundu, ndiyo kazi yake ilivyopangwa. Kuitoa ni kama kung'oa ukoka uliopita katikati ya mizizi ya mche: ukivuta unavuta na mche. Mkono mmoja wa neti bado uko ndani. Paja limepungua maumivu, halijaisha.

Sasa dadangu, tafadhali mpe mama haya yote kwa utaratibu, asibaki na kilio cha simu tu. Alichopewa mama yako sicho nilichopewa mimi. Pete inatoka kwa dakika moja. Akiichukia anaivua. Yangu nimeishi nayo miaka 11 kabla ya kupata mtu wa kuigusa. Na kushona kwa nyama yake mwenyewe ndiko wengi wetu tungechagua tungeelezwa. Hapa Uingereza ulifanywa utafiti mkubwa, hospitali 35, ukatoka 2017 katika jarida la Lancet. Walilinganisha waliowekewa neti na walioshonwa kawaida. Katika miaka miwili ya kwanza wa neti hawakupata nafuu zaidi, na kama 12 katika kila 100 waliowekewa neti walikuwa wamepata tatizo la neti yenyewe. Kwa mama wa daraja la tatu ambaye hajawahi kushonwa, neti ya kupitia ukeni ya nini?

Lipo jambo moja la kutofautisha ili kaka yako asichanganye. Iko neti inayowekwa kupitia tumboni, wanaifunga dari la uke kwenye mfupa wa nyuma wa nyonga. Hiyo madaktari bado wanaitumia, hasa kwa waliotolewa kizazi na uke ukashuka tena, na FDA haikuihusisha katika amri ile ya 2019. Nayo inaweza kujitokeza ukeni, ila mara chache kuliko ile yangu. Pia neti ya ngiri ni plastiki ileile lakini mahali pengine kabisa, basi kama kuna mzee hapo anangoja kushonwa ngiri msimtishe.

Mngemuuliza daktari waziwazi: "Utaacha kitu chochote ndani ya mwili wake ambacho si nyuzi za kuyeyuka?" Akisema ndiyo, aseme jina lake, aliandike kwenye cheti, na aseme nani atakitoa kikileta shida na amekwisha kuwatolea wangapi. Mimi sikuuliza. Nilimwona amevaa koti jeupe, nikaona kuuliza ni utovu wa adabu.

BintiWaMachame

Mungu awabariki sana. Nilimsomea mama yote, nikiruka tu pale pa mume kwa aibu, akaniambia "rudi pale uliporuka." Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema mwambie huyo wa Malindi pole, na kwamba amemwombea kwa jina la binti asiyemjua.

Juzi tulirudi hospitali. Nilimuuliza daktari yale maswali mawili kama yalivyo. Hakukasirika. Akachora kwenye nyuma ya karatasi ya maabara, akaonyesha nyuzi zinapita wapi, akasema neti haweki na hana. Mama ndiye aliyeamua: pete kwanza, kwa sababu presha iko 170 na daktari mwenyewe anataka ishuke kabla ya nusukaputi.

Ya kwanza ilichomoka chooni palepale kliniki. Alitoka nayo ameifunga kwenye leso, uso umeanguka. Nikamkumbusha namba ya kiatu. Ya pili imekaa. Alitembea korido mara tatu, akachutama, akakohoa, akaenda kukojoa, na akachelewa huko hadi nikagonga mlango. Akasema, "Ngoja, nakojoa bila mkono."

Majani tumekubaliana: kaka amenunua toroli na analipa kijana wa jirani. Mama analalamika kijana anakata mabaya. Mkunga, nina moja la mwisho. Tumepewa tarehe baada ya miezi mitatu, lakini krimu ya homoni hospitali imeisha, wametuandikia tununue nje. Duka moja wamenipa vidonge vya homoni wakasema ni kitu kimoja. Nimpe?

MkungaMstaafu_Tanga

Hapana mwanangu, usimpe. Vidonge vinakwenda mwili mzima, na mama ana presha ya 170. Krimu au kidonge kidogo cha kuweka ukeni ndicho alichoandikiwa, kinafanya kazi palepale kinapowekwa. Rudisha hivyo vidonge, nenda na cheti chenyewe duka jingine, na wakikosa mpigie daktari aseme mbadala. Wiki moja bila krimu haitamdhuru maadamu hakuna damu. Na tarehe ya miezi mitatu iandike na wewe kwenye simu yako, usiiache kwenye kadi ya mama peke yake.

Kuhusu majani mabaya, aende bandani akamwelekeze kijana akiwa ameketi kwenye kigoda.